MAISHA YA ARNOLD THEILER, MGANGA WA NG'OMBE

Mara nyingi kurasa hizi zinasimulia maisha ya wamisionari, wafalme na watu waliovumbua mashini. Safari hii nataka kuwaletea maisha ya mtu aliyekuwa mganga wa wanyama tu, yaani veterineri. Pengine jina lake hamulijui, lakini ugonjwa wenye jina lake munaujua. Kila mtoto wa Mutarule, wa Luberizi ama wa Sange aliyechunga ng'ombe amekwisha kuona ndama ambaye matezi yake yamevimba chini ya masikio, manyoya yamesimama, anahema kwa nguvu, povu linamtoka puani, na baada ya siku chache analala upande mmoja na haamki tena. Wenye ng'ombe wengine wanauita ikibagarira. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema ndigana kali. Maveterineri wetu wanaandika teileriozi, na neno hilo limetoka katika jina la Arnold Theiler.

Ng'ombe akifa hivyo, si maziwa peke yake yanayopotea. Ni minervali ya mtoto, ni mahari, ni akiba ya siku ya hospitali. Ndiyo maana nafikiri maisha ya mtu huyu yanatuhusu sisi kuliko maisha ya majenerali wengi tunaowasoma katika histoire.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 katika mji mdogo wa Frick, jimbo la Aargau, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Huko Uswisi mwenye ng'ombe anaheshimiwa, na ng'ombe wanapewa majina sawa vile kwetu. Kijana Arnold alisoma uganga wa wanyama Bern na Zurich, akamaliza mwaka 1889. Alifanya kazi kidogo kwao, lakini moyo haukutulia. Mwaka 1891 akapanda meli akaenda Afrika ya Kusini, katika nchi ya Makaburu iliyoitwa Transvaal. Alifikiri kwamba nchi yenye farasi na ng'ombe wengi hivyo haiwezi kumnyima kazi.

Kumbe kazi haikuwako. Watu wa kule walijiponyea wanyama wao wenyewe na hawakuona faida ya kumlipa kijana mgeni. Basi akajitia kibarua katika shamba kubwa la Irene, karibu na Pretoria. Pale, siku moja, mashini ya kukata majani ya wanyama ikamshika mkono wa kushoto na kuukata. Mganga wa wanyama asiye na mkono! Kumshika farasi, kumchoma ng'ombe sindano, kupasua mzoga, kazi hizi zote zinataka mikono miwili. Wengine wangerudi kwao. Yeye alijifunza kufanya kazi na mkono mmoja na mwingine wa bandia, na kazi zote zilizompa jina alizifanya hivyo.

Mlango ulifunguka mwaka 1893, wakati ndui ilipoingia katika machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Serikali ilitafuta chanjo, na chanjo ya ndui wakati ule ilitengenezwa juu ya ngozi ya ndama. Nani anajua ndama kuliko mganga wa wanyama? Theiler aliitengeneza katika nyumba hafifu, kwa vyombo vichache, na chanjo ikawa nzuri. Mwaka ule ule alimwoa Emma Jegge, binti wa kwao Uswisi, na wakazaa watoto wanne.

Halafu ikaja sotoka, ile ambayo wazee wa Burundi na Rwanda waliiita umuryamo. Ugonjwa huu uliingia Afrika upande wa Ethiopia na Eritrea karibu mwaka 1887, ukapita kwa maziwa yetu makubwa, ukaua ng'ombe na mbogo mahali pote, na mwanzo wa mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Theiler alitumwa Bulawayo kuutazama, akarudi na habari mbaya: sotoka ilikuwa inakuja na risasi haitaizuia. Pamoja na Mwingereza mmoja, Herbert Watkins-Pitchford, alifanya majaribio ya kumlinda ng'ombe mzima kwa maji ya damu ya ng'ombe aliyekwisha kupona. Robert Koch, yule Mjerumani maarufu wa kifua kikuu, aliitwa Kimberley na kutumia njia nyingine, ya nyongo. Wafaransa wakafanya nao. Kwa majaribio hayo yote watu wakajua kwamba mnyama aliyepona anabeba kitu katika damu kinachoweza kumsaidia mwenzake. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha katika dunia nzima mwaka 2011.

Vita ya Makaburu na Waingereza ilipoanza mwaka 1899, Theiler alikuwa upande wa Makaburu, akitunza wanyama wa jeshi katika mazingira ya Ladysmith. Makaburu walishindwa. Waingereza hawakumfukuza, walimwacha aendelee na kazi, kwa sababu walimhitaji. Na bahati yao, maana tatizo kubwa kuliko lile la sotoka lilikuwa njiani, nalo lilitoka upande wetu wa Afrika.

HOMA KUTOKA PWANI

Baada ya sotoka na vita, kule kusini ng'ombe walibaki wachache sana. Wafanyabiashara wakaleta wengine kwa meli kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakawashusha katika bandari ya Beira. Mwaka 1901 walishushwa pale pia ng'ombe karibu 1,000 kutoka Australia kwa ajili ya Rhodesia. Karibu wote walikufa. Mwaka 1902 homa hiyo ilikuwa imekwisha kufika Transvaal, na pale ilipoingia katika zizi, ng'ombe waliopona walihesabika kwa vidole.

Kwanza watu walidhani ni ile homa ya mkojo mwekundu iliyojulikana siku nyingi. Koch mwenyewe alikosa vilevile mwanzoni. Lakini Koch alikuwa na habari moja ya maana. Mwaka 1897 alikuwa Dar es Salaam, na pale aliona jambo la ajabu: ng'ombe wa pwani walikuwa wazima, lakini ng'ombe walioletwa kutoka bara na kuchanganywa nao waliugua na kufa. Majani ni yale yale, kupe ni wale wale, jua ni lile lile. Wengine wanakula na kunenepa, wengine wanakufa. Ninawaomba mushike habari hii akilini, maana mengi yaliyobaki yanatoka humo.

Theiler alikaa na darubini na mizoga. Aliona kwamba ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe wale kulikuwa na vidudu vidogo kuliko vile vya mkojo mwekundu. Aliona pia kwamba ukichota damu ya mgonjwa na kumchoma ng'ombe mzima, mzima hapati ugonjwa, lakini homa ya mkojo mwekundu inaambukizwa hivyo bila shida. Basi ni magonjwa mawili mbalimbali. Mwaka 1904 alikipa kidudu kile jina la parvum, maana yake kidogo. Mwaka 1907 wataalamu wa Ureno wakaliweka jina lake mbele: Theileria. Leo kinaitwa Theileria parva.

Aliyeleta kidudu kutoka mnyama mmoja hadi mwingine alikuwa kupe wa rangi ya kahawia anayependa sikio. Hapo Theiler hakuwa peke yake. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu kule Cape, alifanya kazi kubwa. Kupe huyu anabadili mwenyeji mara tatu. Akiwa mtoto anamnyonya ng'ombe wa kwanza, anaanguka, anajivua ngozi ndani ya majani. Kisha anapanda ng'ombe wa pili, anaanguka tena. Akiwa mkubwa anapanda wa tatu. Ikiwa alinyonya kidudu kwa mgonjwa, anakitema kwa anayefuata. Kupe bila ng'ombe anakufa kwa njaa, na ndiyo sababu walisema malisho yakikaa bila ng'ombe kwa miezi 15 hivi yanakuwa safi. Ndipo zikaja nyaya za seng'enge, amri za kutohamisha ng'ombe, na dipingi, yaani shimo refu la maji yenye sumu ambamo ng'ombe wanaogeshwa kila siku chache.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya kumsifu vinapita haraka. Amri hizo ziliwaangukia zaidi Waafrika. Wao ndio waliokatazwa kuhamisha ng'ombe wa mahari, wao ndio waliolipishwa dipingi. Mwaka 1914, upande wa East Griqualand, watu walichoka wakaasi na kuyaharibu mashimo yale. Na katika maabara ya Theiler, wanaume Waafrika ndio walioshika pembe, waliokusanya kupe kwa vidole, waliolala na wanyama wagonjwa. Majina yao hayakuandikwa juu ya kidudu chochote.

CHANJO ILIYOUA

Mwaka 1908 serikali ilimjengea Theiler maabara mpya mahali paitwapo Onderstepoort, kaskazini ya Pretoria. Maabara hiyo iko hata leo na inajulikana dunia nzima. Kutoka hapo zilitoka chanjo za nyumbu na farasi, dawa na vitabu. Karibu mwaka 1910 alifanya jambo la akili sana juu ya ugonjwa mwingine wa kupe, ule unaokausha nyongo. Alipata kidudu kipole, ndugu wa kile kikali, akakitumia kama chanjo: ng'ombe anaugua kidogo, kisha kikali hakimwezi. Chanjo hiyo imetumika zaidi ya miaka 100.

Akajaribu vivyo hivyo kwa homa ya pwani. Kwa kuwa damu haiambukizi, alichukua wengu na matezi ya ng'ombe mgonjwa, akasaga, akawachoma wazima. Wengine walipata ugonjwa wa kadiri na kupona, na baadaye hawakuugua tena. Kazi ikapelekwa Transkei kwa wingi: kati ya mwaka 1911 na miaka iliyofuata ng'ombe karibu 280,000 walichomwa. Robo moja hivi walikufa kwa chanjo yenyewe. Katika wale waliobaki, karibu 70 kwa 100 walikuwa na kinga.

Jaribuni kuwaza mwenye ng'ombe wanne. Anawaleta kwa mganga wakiwa wazima. Mmoja anakufa kwa sindano, watatu wanarudi nyumbani, na katika hao watatu mmoja pengine hana kinga, lakini hakuna awezaye kumwonyesha ni yupi. Njia hiyo iliachwa. Afrika ya Kusini iliumaliza ugonjwa ule kwa dipingi, kwa seng'enge na kwa kuchinja makundi mazima, na kazi ilikwisha katika miaka ya 1950, wakati Theiler alikuwa kaburini.

Swali lilibaki wazi kama mlango usio na bawaba: katika ng'ombe wanne waliopewa ugonjwa mmoja, siku moja, kwa sindano moja, juu ya nini mmoja anakufa na watatu wanapona?

Theiler hakuweza kujibu, na hakuna mtu wa wakati wake aliyeweza. Jibu lilikuja kidogo kidogo kutoka Kenya. Huko Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970 watafiti walifanya chanjo ya namna nyingine. Walimchoma ndama vidudu vilivyotolewa ndani ya kupe, na wakati ule ule wakampa dawa ya oksitetrasiklini ikaayo mwilini siku nyingi. Ndama anaugua kidogo au haugui hata kidogo, na kinga inabaki. Chanjo hiyo inachanganya vidudu vya namna tatu, na inapaswa kukaa katika baridi kali sana. Ndiyo maana bei yake si ya kila mtu. Ni wazo lile lile la Theiler, la kumpa mnyama ugonjwa ili umlinde, lakini safari hii wakiwa na hatamu mkononi.

Katika maabara nyingine ya Nairobi, iitwayo ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973, walitazama ndani ya damu yenyewe. Nitajaribu kueleza kama tulivyofundishwa katika biolojia. Wenzangu wa section nyingine wanivumilie.

Damu iko na askari wake, chembe nyeupe. Theileria haiwakimbii askari hao. Inaingia ndani ya mmoja wao na kukaa mle, sawa vile mwizi aliyevaa uniforme ya polisi. Kisha inamlazimisha askari yule agawanyike: wawili, wanne, wanane, kumi na sita. Kila akigawanyika, kidudu kinagawanyika pamoja naye. Matezi yanavimba kwa sababu yamejaa askari wa uwongo. Mwisho mapafu yanajaa maji, na hilo ndilo povu tunaloliona puani.

Sasa mwili utajua namna gani nani ni askari wa kweli na nani ni wa uwongo? Mama sokoni Sange anaweka unga kidogo juu ya sahani mbele ya gunia, ili mnunuzi ajue kilicho ndani bila kulifungua. Kila seli inafanya vilevile. Inaweka nje, juu ya ngozi yake, vipande vidogo vya protini zilizo ndani yake. Askari wauaji wanapita wakitazama kila sahani. Wakiona kipande cha kidudu, wanaua seli ile pamoja na mgeni wake. Katika miaka ya 1980 ilionekana wazi kwamba ng'ombe waliopata kinga dhidi ya homa hii wanajilinda kwa njia hiyo ya askari wauaji.

Sahani hizo zinatengenezwa na jeni. Kwa watu zinaitwa HLA, na ndizo ambazo waganga wanalinganisha kabla ya kumpa mtu figo la ndugu yake. Kwa ng'ombe zinaitwa BoLA. Jeni hizi zina namna nyingi kupita karibu jeni nyingine zote za mwili. Ndama anapokea namna moja kwa baba na nyingine kwa mama, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Sahani ya namna moja inashika kipande hiki cha kidudu. Sahani ya namna nyingine hakishikiki juu yake, inashika kingine. Kwa hiyo ng'ombe wawili waliopigwa na ugonjwa mmoja hawamwoni adui kwa macho yale yale. Na kwa kuwa vidudu pia viko vya namna nyingi, ng'ombe aliyepona mbele ya kidudu cha kijiji hiki anaweza kuangushwa na cha kijiji kingine.

Juu ya nini kuna namna nyingi hivyo? Wataalamu wanaeleza hivi. Kidudu kinazoea kukwepa sahani zile zilizo nyingi katika kundi. Ng'ombe mwenye sahani isiyo ya kawaida anaponea hapo, anazaa, na watoto wake wanaongezeka. Namna yake ikiisha kuwa nyingi, kidudu kinaizoea nayo, na zamu inakwenda kwa nyingine. Hivyo hakuna namna moja inayoshinda daima, na kundi lenye namna nyingi haliwezi kufagiliwa lote kwa siku moja.

Najua kwamba neno mageuzi linawatia wasiwasi wengine kati yetu, na nimesikia mabishano katika internati. Sitaki kuyaanza tena hapa. Mageuzi ninayoyasema ni yale ambayo mchungaji yeyote anaweza kuyaona: anayekufa akiwa ndama hazai, anayepona anazaa, na mtoto anafanana na mzazi wake. Rudieni hayo kwa vizazi mia. Yakobo alipochunga kundi la Labani alichagua wenye madoa na mabaka. Ugonjwa nao unachagua, ila hautazami rangi.

Theileria ilikuwa kwanza mdudu wa mbogo. Mbogo anaibeba na kwa kawaida haugui. Ng'ombe walipofika Afrika ya Mashariki, miaka elfu chache tu iliyopita, walikuta kupe wanaonyonya mbogo wanawangojea. Bila shaka walikufa wengi sana. Wale wa pwani ambao Koch aliwaona wakinenepa Dar es Salaam walikuwa wajukuu wa waliopona. Tena walikuwa wameumwa na kupe tangu wakiwa ndama, wakapata kinga mapema. Hizi ni kinga mbili, moja ya kurithi na moja ya kupata, na zinasaidiana. Ng'ombe wa Transvaal hawakuwa na hata moja.

Mwaka 2022 habari nyingine ilitoka, ya watafiti wa Nairobi na wenzao wa Scotland. Walikuwa wameona kwamba katika ng'ombe aina ya Boran wa Kenya, ukoo wa fahali mmoja ulipona homa hii kuliko wengine. Walisoma jeni za ukoo huo na kukuta tofauti katika jeni moja iitwayo FAF1B, ambayo si ya zile sahani; iko karibu na mambo ya seli kuongezeka na kufa. Ndama aliyeipokea tofauti hiyo kwa baba na kwa mama pia, alikuwa na nafasi kubwa sana ya kupona. Munaona: kidudu kinashinda kwa kuwalazimisha askari waongezeke, na ukoo ule uliponea karibu na mahali pale pale.

MWISHO WAKE NA WATOTO WAKE

Tumemwacha Theiler Onderstepoort. Mwaka 1914 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha Sir, yeye aliyewatunzia Makaburu wanyama wa vita. Mwaka 1920 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya juu ya uganga wa wanyama ya Pretoria. Miaka ile pia alifumbua fumbo la ugonjwa uliopoozesha ng'ombe kule Vryburg: malisho yalikosa fosforasi, ng'ombe wenye njaa ya fosforasi walitafuna mifupa ya mizoga, na ndani ya mizoga mlikuwa na sumu. Dawa ikawa kuwapa unga wa mifupa safi. Alistaafu mwaka 1927. Wengi walimwogopa kwa ukali. Alipenda kazi kuliko mapumziko na alitaka wote wapende hivyo. Alikufa London tarehe 24 Julai 1936, alipokuwa ameenda kuhudhuria mkutano wa wataalamu wa vidudu vya magonjwa.

Mwanawe Max aliacha ng'ombe akashika magonjwa ya watu. Alikwenda Marekani na kutengeneza chanjo ya homa ya manjano, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1951. Chanjo hiyo ndiyo inayoandikwa katika ile karte ya njano ambayo msafiri anaiombwa mpakani Kavimvira. Binti yake Gertrud, aliyezaliwa mwaka 1897, alishika kazi ya kupe. Mwaka 1954, pamoja na mwenzake, alichapisha orodha ya kupe walioonekana Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Hivyo, baba hakuandika juu ya kupe wetu, lakini binti aliwaandika.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa wanaleta Kivu ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi, na kati yao wale wa kahawia wa milima ya Uswisi, nchi ya Theiler. Mchanganyiko wao na ng'ombe wetu uko hata leo. Siwalaumu wanaowapenda, ndoo inajaa. Lakini ng'ombe huyu hakurithi kitu chochote dhidi ya homa ya kupe, na asiye na dawa ya kuogesha kila juma atamzika. Nasikitika nikiona mtu anahasi ama kuuza dume lake dogo la kienyeji kwa sababu ni fupi na pembe zake ni mbaya, hali mama yake na bibi yake walipita katika kupe za bondeni wakazaa kila mwaka. Anauza kitu ambacho Onderstepoort haikuweza kukiweka ndani ya sindano.

Mwaka 2019 watafiti wa Université Évangélique en Afrique ya Bukavu, chuo cha makanisa yetu, pamoja na wenzao wa nje, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya damu ya ng'ombe wa Kivu ya Kusini na Burundi, wa mabondeni na wa milimani. Hawakuchagua wagonjwa, walichukua damu ya ng'ombe walioonekana wazima. Theileria parva ilikuwamo katika wengi wao, na si ya namna moja, bali ya namna mbalimbali zilizochanganyika. Ng'ombe hao walikuwa wanakula majani, wanakamuliwa, wananyonyesha, na kile kidudu kilichoangusha makundi ya Transvaal kiko ndani ya damu yao. Wa namna hiyo ndio wanaopita asubuhi nyuma ya madarasa yetu kwenda majini.